Alinisubiri Kilomita ya Saba

Klabu yetu ya mbio ilianza kwa sababu ya suruali. Tulikuwa tumerudi kutoka likizo ya Disemba, walimu watatu wa shule moja ya sekondari hapa Lodwar, na kila mmoja alikuwa na kifungo kilichokataa kufika kwenye tundu lake. Mimi nafundisha hisabati. Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na minane, na mara ya mwisho kukimbia kwa hiari yangu nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa kemia akasema tuanze kukimbia asubuhi. Mwalimu wa dini akasema tuombe kwanza. Tukaomba, tukaanza.

Kabla mwaka haujaisha tulikuwa watu kumi na mmoja, wengine makarani wa kaunti, mmoja muuguzi. Pia tulimpata mwalimu mkuu mstaafu ambaye magoti yake hayakumruhusu kukimbia hata hatua kumi. Yeye alitufuata kwa baiskeli, filimbi shingoni, na kwa sababu alikuwa na filimbi tukaanza kumwita Kocha. Tulikutana darajani, kwenye mto Turkwel, saa kumi na moja na robo alfajiri, maana ikifika saa mbili jua la huku halina mzaha. Tulikimbia kando ya mto, kwenye mchanga ulioshikana, mpaka kwenye mti mmoja wa mkoma ulioinama, tukazunguka, tukarudi. Wachungaji waliokuwa wakiteremsha mbuzi majini walitusimamisha siku za mwanzo kutuuliza kuna nini. Tukijibu kwamba hakuna kitu, walituangalia kwa huruma.

Mke wangu aliichukulia klabu hiyo kama anavyouchukulia mpira wa miguu. Hakuipinga na hakuuliza habari zake. Yeye ni Mturkana wa Kataboi, kule ziwani, na huuza samaki wakavu sokoni. Mimi ni mtu wa magharibi niliyeletwa huku na barua ya uhamisho nikiwa kijana, nikidhani nitakaa miaka miwili. Tulikuwa tumeoana miaka ishirini na miwili, na asubuhi nilipokuwa nafunga kamba za viatu yeye alikuwa tayari ameshawasha jiko, amefagia, na amepokea simu mbili za watu wa ziwani.

Asubuhi moja nilichukua funguo za kibanda chake badala ya funguo za ofisi ya shule. Tulikuwa tumekimbia kama dakika ishirini, tumekaribia ule mkoma, niliposikia mtu akiniita kutoka nyuma kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikageuka, nikamwona mke wangu, na sketi yake ndefu, leso begani, miguuni akala za matairi. Alitupata kwa miguu. Hakuwa akihema. Alinipa funguo zangu, akachukua zake, halafu akamwangalia Kocha.

"Sasa hii mbio yenu inaenda wapi?"

Kocha akamwonyesha mkoma. Mke wangu akauliza kule kwenye mkoma kuna nini. Kocha akasema hakuna kitu, tukifika tunarudi. Mke wangu akaifunga leso vizuri kiunoni, akasema basi na yeye ataenda aone. Alikimbia nasi mpaka pale na kurudi hadi darajani, akiongea njia nzima. Alitusimulia habari za mtu fulani wa sokoni aliyegombana na shemeji yake kuhusu mizani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumjibu, kwa sababu pumzi zetu zilikuwa na kazi nyingine.

Siku hiyo hiyo Kocha alikuja nyumbani kumwomba ajiunge. Akakubali kuja asubuhi zile ambazo mzigo wa samaki haufiki. Kocha aliponipata pembeni aliniambia kwamba amefundisha riadha shuleni miaka mingi, na kwamba huyu hatamfundisha chochote, asije akamharibu.

Jambo moja lilimsumbua Kocha. Mke wangu hakukubali kukimbia mbele. Alikimbia ubavuni mwangu, nami nilikuwa wa mwisho karibu kila siku. Nilidhani ananionea huruma, nikamwambia aende tu na wenzake, akasema sawa, akabaki palepale. Kwa hiyo tulikimbia pamoja miezi mingi, mimi nikihema, yeye akisimulia. Nilijua ni nani amehamia jirani, binti yetu wa pili anataka kusomea nini na anaogopa kuniambia, na dada yake aliyebaki Kataboi ameamkaje. Sijui kama wanaume wengine wako hivyo, lakini mimi niliijua nyumba yangu vizuri kwenye ule mchanga kuliko nilivyoijua nikiwa nimekaa mezani na vitabu vya wanafunzi.

Kisha ukaja mwaliko wa Kakuma. Wakimbiaji wa huko, wakimbizi na wenyeji pamoja, walikuwa wakiandaa mbio za kilomita kumi siku ya Jumamosi, na walituomba tushiriki. Kocha akaandika majina yetu yote siku hiyohiyo. Mimi nikapata wazo ambalo halikuniacha tena: mke wangu anaweza kushinda. Nilimfikiria akikata utepe, na nilijifikiria mimi mwenyewe nimesimama karibu, watu wakiuliza huyu mama ni wa nani. Nakiri kwamba picha hiyo ya pili niliitazama mara nyingi zaidi.

Nikamnunulia viatu vya kukimbilia. Alivivaa siku mbili ili kunifurahisha, siku ya tatu akaviweka chini ya kitanda. Alisema ndani ya viatu vile mguu hauoni chini. Nikaliacha suala la viatu, lakini lile lingine sikuliacha. Kwa wiki mbili nzima nilimwambia kwamba siku hiyo asinisubiri. Aende na wale wa mbele, akae nao mpaka mwisho. Kila mara alijibu sawa. Baada ya miaka ishirini na miwili nilipaswa kujua kwamba sawa yake ina maana amesikia, si kwamba amekubali.

Tulisafiri Ijumaa mchana kwa gari la shule, tukalala katika nyumba ya wageni ya kanisa, na saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kwenye uwanja wa shule moja karibu na laga ya Tarach, mto wa msimu ambao siku hiyo ulikuwa mkavu, mchanga mtupu. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia. Walikuwapo vijana warefu wa Sudan Kusini ambao kuwatazama tu kulinivunja moyo, Wasomali waliovaa jezi za timu yao, Waturkana wa pale mjini, na kundi la Wakongomani na Warundi waliokuja wakikimbia kwa mistari, wakiimba wimbo wa kanisani. Aliyewaongoza kwa sauti alikuwa mama mmoja wa umri wa mke wangu, kitambaa cha kitenge kichwani, suruali ya michezo aliyoishona mwenyewe, maana alikuwa mshonaji huko kambini. Alipitia mstari wetu akimpa kila mtu mkono.

"Jambo, bamama. Jambo, bapapa. Mulifika muzuri?"

Mke wangu akamjibu ejok, kwa Kiturkana, halafu akamjibu tena kwa Kiswahili, na wote wawili wakacheka bila sababu niliyoiona.

Mtangazaji alieleza kwamba njia imewekwa alama za mishale kwa unga wa mahindi kwenye kila kona. Filimbi ikalia. Nilimwona mke wangu akinitazama, nikamwonyesha mbele kwa mkono wote, kama mtu anayeelekeza lori. Akaenda. Kichwa chake na leso yake vilipenya katikati ya watu, na baada ya dakika mbili sikumwona tena.

Nilikuwa nimeshazoea kukimbia naye ubavuni, na bila yeye mbio zile zilikuwa ndefu ajabu. Tulipita nje kidogo ya mji, tukaingia kambini, kwenye vijia vya kati ya nyumba za mabati na nyua za miiba. Watoto walikuwa wamejipanga kando wakitunyooshea mikono. Kwenye kona moja nilikuta mbuzi wanne wamesimama juu ya mshale, wanaulamba kwa utulivu, na kijana wa kuelekeza njia akijaribu kuwafukuza kwa fulana yake. Akatuambia kwamba vijana wa kwanza tayari wamepotelea upande wa soko na mtu amekwenda kuwarudisha. Lakini akina mama wa mbele, akasema, walipita kabla ya mbuzi. Nikamuuliza kama amemwona mama aliyevaa akala. Akasema ndiyo, yuko na wasichana wawili, ni wa tatu, na hata hajachoka.

Sitasahau furaha iliyonishika pale. Nilikuwa nimelowa jasho, goti la kulia linauma, na nilicheka peke yangu kama mtu aliyepewa zawadi. Wa tatu! Nikakimbia kilomita moja nzima kwa mwendo ambao sikujua ninao.

Kisha nikafika kwenye kibao cha kilomita ya saba, na mke wangu alikuwa amesimama pale. Alikuwa kwenye kivuli cha duka dogo la Msomali, ameshika kikombe cha maji, anaongea na mwenye duka. Nikadhani ameumia.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Sasa unafanya nini hapa?"

"Nakungoja, Mwalimu."

Ananiita Mwalimu hata nyumbani. Nilimwambia aende, bado angeweza kuwapata. Akasema twende. Nikarudia, na safari hii nilitumia ile sauti ninayoitumia kwa kidato cha pili wanapokuwa hawajafanya kazi ya ziada. Nikamwambia ameharibu kila kitu. Mwenye duka akaingia ndani kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Mke wangu akarudisha kikombe, akashukuru, akaja ubavuni mwangu. Tukakimbia kilomita tatu zilizobaki bila neno. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kukimbia bila kuongea, na ni mimi niliyemnyamazisha.

Baada ya zawadi kutolewa, yule mshonaji alikuja kumtafuta. Yeye ndiye aliyekuwa wa tatu kwa upande wa akina mama, na alikuwa amebeba zawadi yake, chupa kubwa ya chai. Alisema alimpita mke wangu pale dukani, akamuuliza kama ameumia, akajibiwa kwamba anamngoja mzee wake. Kwa hiyo nafasi ile si yake, akasema, na chupa si yake.

"Miye siwezi kunywa chai yako, mama," alisema.

Mke wangu akakataa kuipokea. Wakavutana, chupa ikaenda na kurudi, mwishowe wakaketi chini ya turubai wakaijaza chai na kuinywa wote wawili. Kiswahili cha mmoja kilikuwa cha ziwani na cha mwingine cha Wakongomani wa Uvira, na yale waliyokosa katika Kiswahili waliyaonyesha kwa mikono. Walikaa karibu saa nzima. Mimi nilikuwa ndani ya gari la shule, nimejifanya nimelala.

Tuliondoka adhuhuri. Wenzetu walikuwa wachangamfu, maana muuguzi alikuwa amemaliza kwa muda mzuri na mwalimu wa kemia alikuwa amempita kijana wa miaka ishirini, jambo aliloliongelea mpaka tukachoka. Sisi wawili tulikaa kiti cha nyuma. Nilikuwa nimeshapoa, na hasira ilikuwa imegeuka aibu, lakini sikujua nianzie wapi. Yeye ndiye aliyeanza, akitazama nje, kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia.

Aliniambia kwamba kwao Kataboi watu hukimbia pamoja. Watoto hukimbia pamoja kwenda majini, wasichana hukimbia pamoja kwenye ngoma. Mtu akionekana anakimbia peke yake, watu wote husimama, kwa sababu huyo ameleta habari mbaya. Kisha akasema kwamba yeye aliwahi kukimbia peke yake mara moja tu. Alikuwa na miaka kama kumi na mmoja. Alikuwa ufukoni mwa ziwa na mdogo wake, mawimbi yakaja na upepo, na mtoto akachukuliwa. Watu wazima walikuwa mbali, upande wa nyumba.

"Nilikimbia kuita watu," alisema. "Waliniona nikitoka mbali. Wote walisimama, hakuna aliyesema kitu. Tuliporudi, alikuwa amekwisha."

Nilijua kwamba alikuwa na mdogo wake aliyefariki utotoni. Nilijua hilo tangu uchumba wetu, kama mtu anavyojua idadi ya watoto katika familia. Sikujua ni yeye aliyekimbia.

Akaniambia kwamba asubuhi ile alikuwa sawa kabisa na wale wasichana wawili, ingawa walikuwa hawamjibu akiwasemesha. Karibu na kilomita ya saba waliongeza mwendo wakamwacha kidogo. Akatazama nyuma, hakukuwa na mtu wa karibu. Akatazama pembeni, watu walikuwa wamesimama pande zote mbili za njia, wamenyamaza, wanamwangalia anavyokuja.

"Miguu ilikataa, Mwalimu. Nikasema nikungoje wewe."

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia kwamba nilitaka ashinde kwa ajili yangu na sikumuuliza yeye anataka nini. Nikaushika mkono wake nikabaki nao mpaka tulipoanza kuviona vilima vya Lodwar, jambo ambalo mimi na yeye hatulifanyi mbele ya watu. Kocha, aliyekuwa kiti cha mbele, aligeuka mara moja kutuuliza kitu, akatuona, akageukia barabara kana kwamba ndiye anayeendesha.

Miezi kadhaa baadaye ikawa zamu yetu kuandaa mbio, hapa Lodwar. Alama za njia tulizichora kwa chokaa. Nilikuwa katika kamati, na nilileta pendekezo moja tu: tuwaalike wenzetu wa Kakuma, na watakaohitaji mahali pa kulala tuwagawane. Sikumwambia mtu sababu yangu. Mke wangu na yule mshonaji walikuwa wakitumiana ujumbe wa sauti kila wiki, mrefu kuliko vipindi vyangu, kwa hiyo sikuwa na kazi ya kumtafuta. Barua yake ya ruhusa ya kutoka kambini ilichukua muda na tulikaribia kukata tamaa, lakini ikatoka, naye akafika kwetu siku moja kabla ya mbio, na sketi ya kitenge aliyomshonea mke wangu, yenye mpasuo wa kutosha mguu kunyooka.

Asubuhi filimbi ilipolia wakatoka wawili hao, bega kwa bega, wakiongea. Sikuonyesha mtu mahali pa kwenda. Mimi nilikimbia nyuma na Kocha kwenye baiskeli yake, ambaye kwa heshima alinisimulia matokeo ya mitihani ya miaka ya zamani ili nisijisikie mpweke. Kwenye kona ya soko tulipata habari kwamba akina mama wawili wamesimama kwa sababu shangazi wa mmoja wao alitaka kusalimiwa, na kwetu kumsalimia shangazi si jambo la neno moja. Wasichana watatu wakawapita hapo. Wakaendelea bila kukasirika. Walimaliza wa tano na wa sita, na hata leo hawajakubaliana nani alikuwa wa tano.

Mimi nilifika wa tatu kutoka mwisho. Niliwakuta wameketi kivulini na sahani ya mandazi katikati yao, na muuguzi wetu na wakimbiaji wengine wa Kakuma wamewazunguka, wakimsikiliza mshonaji akieleza jinsi ya kupima kiuno cha mtu asiyetaka kupimwa. Mke wangu alinisogezea nafasi, akanimiminia chai, akaniuliza kama goti linauma. Nikasema linauma. Akauliza nitaacha lini kuanza kwa kasi kama mwizi. Mshonaji alirudi kwake Jumatatu na furushi la samaki wakavu ambalo dereva alililalamikia kwa sababu ya harufu.

Siku hizi mke wangu hukimbia mara nyingi na muuguzi, kwa sababu mwendo wao unalingana na wote wawili wana mengi ya kusema. Wakifika kwenye mkoma hunisubiri au hawanisubiri, inategemea mazungumzo yamefika wapi. Asubuhi ambazo muuguzi ana zamu hospitalini, hukimbia nami. Jina la mdogo wake, ambalo miaka ishirini na miwili lilikuwa halitajwi nyumbani kwetu, sasa hutajwa. Wiki iliyopita, tukiwa tumekaribia daraja, aliniambia kwamba mtoto yule alipenda kuwaigiza heroe, wale ndege wa ziwani. Alikuwa akisimama kwa mguu mmoja kwenye maji machache, amekunja shingo, amekaa kimya kabisa, na dada zake walikuwa wakimpigia kelele na kumchekesha ili aanguke. Nikamuuliza kama alikuwa anaanguka.

"Kila mara," alisema.